Kalenda ya mihuri: majina ya siku na mpangilio wake

Kalenda (ngeli ya I-/ZI-) ni jedwali la siku, majuma na miezi ya mwaka. Mfasiri wa Kiarabu asiichanganye na takwimu: katika Kiarabu, asili ya neno hilo humaanisha kalenda, ilhali katika Kiswahili cha leo takwimu ni taarifa za hesabu.

Muhuri (U-/I-, wingi *mihuri*) ni kifaa cha kugongea, chapa (I-/ZI-) ni alama inayobaki. Husemwa *kupiga* au *kugonga muhuri*; *kupiga chapa* ni kuchapisha.

Utengenezaji. Kalenda ya mkono hupigwa mistari kwa rula juu ya karatasi ya manila: safu wima saba na safu mlalo sita, kwa kuwa mwezi wa siku 31 unaoanzia safu mbili za mwisho hujaza mistari sita. Herufi huchongwa kinyume kwenye mpira ili chapa isomeke sawasawa. Muhuri mmoja wa JUMA hutosha majina matano, kila moja likimaliziwa kwa -MOSI, -PILI, -TATU, -NNE au -TANO. Alhamisi na Ijumaa huchongewa mihuri yake.

Tanbihi ya matumizi. Hesabu ya majina hayo huanza baada ya Ijumaa. Ndiyo maana Jumamosi ni ya kwanza. Jumatano ni ya tano, na Alhamisi, ambayo asili yake ya Kiarabu pia ni “ya tano” kwa hesabu inayoanza Jumapili, huifuata. Basi namba iliyomo katika jina si namba ya safu: kalenda ikianza Jumatatu, Jumatatu huwa safu ya kwanza.

Kosa hili huwa na madhara mtu afuatapo njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo husikika *siku ya kwanza* kwa Jumatatu, hivyo *siku ya tatu* ni Jumatano. Mfasiri wa Tabora akiiandika “Jumatatu”, mgeni atafika siku mbili kabla ya wakati.

Tarehe kamili hupunguza utata, lakini nayo yahitaji kuhakikiwa. Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio hilo mwishoni mwa Oktoba. Kuondoka kwa Livingstone Kwihara, karibu na Tabora, huandikwa *Jumapili, 25 Agosti 1872*. Jina la siku na tarehe vikiwa pamoja, kimoja hukisahihisha kingine.

Tazama pia: juma, mfunguo, mwandamo, tarehe.