JUMUIYA HUSIMAMA KWA WANACHAMA WAKE: Mafunzo ya historia kwa Waislamu wa Nakivale na Mbarara



Ndugu wazazi na wanafunzi, kuna jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Jumuiya inaanzishwa kwa shangwe. Katiba inaandikwa, viongozi wanachaguliwa, muhuri unachongwa na kibao kinasimamishwa barabarani. Baada ya miaka miwili kilichobaki ni kibao na muhuri. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa kuwa wafadhili hawakupatikana.

Je, ni kweli kwamba jumuiya hufa kwa kukosa wafadhili? Tuitazame historia, kisha turudi nyumbani.

NAKIVALE NA MBARARA

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, katika miaka ambayo Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa wakiingia Ankole. Ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Hadi mwaka 2005 eneo hilo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbarara, ndipo ikaundwa Wilaya ya Isingiro. Hata hivyo Mbarara imebaki kuwa mji wa kukimbilia kwa mahitaji makubwa: hospitali ya rufaa iko huko, na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989 kiko huko.

Waislamu wa makazi haya wana lugha nyingi za mama. Lakini Mrundi wa Buyenzi na Mkongo wa Kasongo wakikutana msikitini hawahitaji mkalimani, kwani Kiswahili wamekuja nacho kutoka makwao. Hii ni neema, nasi tutaona chini jinsi inavyoweza kutumika.

MADINA: TOFALI NA SAUTI

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 622, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kujenga msikiti. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, lakini Mtume alikataa mpaka wakalipwa thamani yake. Kisha Masahaba wakafyatua matofali ya udongo, wakasimamisha nguzo za magogo ya mitende na kuezeka kwa makuti. Mtume mwenyewe alibeba matofali. Imepokewa kwamba wakati wengine walibeba tofali moja moja, Ammar bin Yasir (R.A.) alibeba mawili mawili.

Haikupita muda likaja suala la matangazo: watu wataitwaje kuja kuswali? Wapo waliopendekeza kengele, wengine baragumu. Abdullah bin Zayd (R.A.) akaota ndoto akifundishwa maneno ya adhana, akaja kumweleza Mtume. Mtume akamwambia amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri na yenye kufika mbali zaidi. Aliyeleta wazo hakupewa kazi kwa sababu wazo ni lake. Alipewa mwenye kipaji, naye alikuwa mtu aliyetoka utumwani. Je, katika jumuiya zetu tunagawa kazi kwa kipaji, au kwa kabila, umri na ukaribu na mwenyekiti?

DAR ES SALAAM: NYUMBA ILIYOJENGWA NA WANACHAMA

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association mjini Dar es Salaam. Katibu wake alikuwa Kleist Sykes, mfanyakazi wa reli, ambaye mwaka 1933 alishiriki pia kuanzisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika ili watoto wa Kiislamu wapate shule inayofundisha dini pamoja na masomo ya dunia. Wanachama wengi walikuwa watu wa mishahara midogo. Nyumba ya African Association, New Street, ilijengwa kwa nguvu za wanachama waliojitolea, ikakamilika mwaka 1933. Zaidi ya miaka 20 baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa katika nyumba hiyo hiyo. Waliobeba mawe wakati ule hawakujua kwamba walikuwa wakiandaa mahali pa kuzaliwa chama kitakacholeta uhuru wa nchi.

Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza viongozi wa TANU kuhusu wanawake wao. Hapo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mama wa Kiislamu ambaye watu walimjua kwa uimbaji wake katika kikundi cha ngoma. Bibi Titi hakuanza kwa kuandika barua. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake mjini, akawaeleza, nao wakawaeleza wenzao. Inaelezwa kwamba katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi.

Tunalitaja hili si kwa ajili ya siasa, bali kwa ajili ya njia iliyotumika. Tangazo lilipita kwa mtu anayeaminika, likafika mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Kila mwanachama akawa mtangazaji kwa jirani yake.

EAMWS NA MABARAZA YA UGANDA

Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, alianzisha mjini Mombasa East African Muslim Welfare Society, iliyojulikana kwa kifupi EAMWS. Ilijenga misikiti na shule Kenya, Uganda na Tanganyika. Msaada wake ulikuwa na sharti la busara: shilingi kwa shilingi. Waislamu wa mahali wakikusanya fungu lao, Aga Khan alitoa kiasi kile kile. Hakuna kijiji kilichopata msikiti kwa kukaa na kusubiri.

Hata hivyo jumuiya hiyo haikudumu. Makao yake makuu yalihamia Dar es Salaam mwaka 1961. Mwaka 1968 mgogoro mkubwa ukazuka katika uongozi wa Tanzania, na Desemba mwaka huo serikali ikaipiga marufuku, ikaja BAKWATA. Wapo wanaotazama jambo hili kwa namna moja na wapo wanaolitazama kwa namna nyingine, nasi hatutaingia humo. Tunalopaswa kuliona ni kuwa hatima ya jumuiya ya mamilioni ya Waislamu iliamuliwa na watu wachache juu, na mwanachama wa kijijini hakuwa na mahali pa kusema neno lake.

Hapa Uganda hali ilifanana. Mwaka 1965 iliundwa NAAM chini ya Akbar Adoko Nekyon, jamaa yake Obote, ikashindana na Waislamu waliokuwa pamoja na Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli. Obote alipopinduliwa mwaka 1971, NAAM ikafifia. Mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, likaundwa Baraza Kuu la Waislamu la Uganda. Baraza hilo lipo hadi leo na limefanya mengi. Lakini Amin alipoanguka mwaka 1979, Waislamu wa Ankole wakalipizwa kwa makosa yasiyokuwa yao. Katika baadhi ya vijiji vya Bushenyi watu waliuawa na wengine wakafukuzwa katika ardhi zao. Nguvu ya serikali iliyokuwa nyuma ya baraza haikuwa tena ngao kwao. Wazee wa Mbarara wanayakumbuka hayo, na Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa.

Funzo ni kwamba mkono mmoja wa juu, uwe wa tajiri au wa mtawala, ukiondoka huondoka na ulichokuwa umekishika. Jambo lililoshikwa na mikono mingi ya chini haliondoki kwa urahisi namna hiyo.

KWA NINI SASA

Ndugu zangu, mkono wa juu unaondoka mbele ya macho yetu. Mwezi wa Aprili 2020 WFP ilipunguza posho ya chakula cha wakimbizi Uganda kwa asilimia 30. Mwaka 2021 ikapunguza tena. Mwezi wa Mei 2025, kwa uhaba wa fedha, watu wapatao milioni moja wakaondolewa kabisa katika msaada huo. Mjane, yatima na mgonjwa walioko Nakivale watamtazama nani kama si jirani yao?

Sheria haituzuii. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na kuanzisha jumuiya zisizo za kisiasa na zisizo za faida. Kinachohitajika ni utaratibu, na huu hapa tunaupendekeza.

Kwanza, tuwajue wanachama. Jumuiya nyingi zina orodha ya majina na michango tu. Tuandike pia kila mmoja anajua nini: huyu mshonaji, yule fundi ujenzi, yule aliwahi kuwa muuguzi, yule ana pikipiki, yule kijana ana mwandiko mzuri, yule mama anasikilizwa na wanawake wote wa mtaa. Hapo ndipo tutakapompata Bilal wetu.

Pili, tuombe kazi ndogo yenye mwisho. Mtu akiambiwa "njoo ujitolee" hukimbia, kwa kuwa hajui atatoka lini. Akiambiwa "tunakuhitaji Jumamosi mbili kupaka rangi madrasa", atakuja. Na tusisahau kwamba kwa mtu wa kibarua, siku ya kujitolea ni siku ya kulala bila mboga. Si haki kumtumikisha maskini huku viongozi wakikaa kivulini. Anayetumwa Mbarara apewe nauli, na anayeshinda kazini apate chakula.

Tatu, kila kazi iwe na watu wawili. Nakivale ina jambo ambalo miji mingine haina: katibu anaweza kupata safari ya kuhamishiwa Marekani au Kanada, akaondoka na habari zote kichwani mwake. Mwaka 2025 Marekani ilipositisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wengi waliokuwa wamefunga mizigo walibaki. Aondoke au abaki, daftari libaki na mwenzake awe anajua kazi.

Nne, vijana na akina mama wasiachiwe kupika na kupanga viti tu. Mwanafunzi wa chuo cha Mbarara anaweza kurudi likizoni akawafundisha wadogo zake hesabu, au akaandika barua ya jumuiya kwa Kiingereza safi. Akina mama wanajua nyumba gani haijawasha moto tangu jana. Habari hiyo haimo katika ripoti yoyote ya ofisini.

Tano, tujitangaze kwa ukweli. Tangazo baada ya swala ya Ijumaa ni zuri, na lisomwe kwa Kiswahili, kisha kwa Kisomali na Kinyarwanda, ili asibaki mtu nje. Redio za Mbarara zinasikika mbali. Simu za vijana zinafika hata kwa ndugu walioko ng'ambo. Lakini hakuna tangazo linalopita daftari la hesabu lililo wazi. Kila mwezi mweka hazina asome mbele ya watu: kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimebaki hiki. Mwanachama aliyesikia hivyo kwa masikio yake atakwenda kulisema sokoni, na jirani yake atamwamini kuliko bango lolote.

Hapa pana onyo. Siku hizi imekuwa desturi kumpiga picha mjane akipokea kilo mbili za unga na kuisambaza ili wafadhili waone. Dini yetu inasifu sadaka ya siri na inakataza kumuudhi anayepewa. Tupige picha za madrasa iliyoezekwa, za kisima, za vijana wakifanya kazi. Uso wa mwenye shida si bidhaa ya jumuiya.

Sita, tushukuru. Katika msikiti wa Mtume palikuwa na mwanamke aliyekuwa akifagia. Alipofariki, Masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume, wakiona ni jambo dogo. Mtume (S.A.W.) alipomkosa aliuliza, akaambiwa amekufa. Akasema kwa nini hawakumwarifu, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia. Yeye aliyekuwa na mambo yote ya umma mabegani aligundua kwamba mfagiaji hayupo. Je, sisi tungejua?

Kwa hiyo swali la mwanzo tulijibu. Jumuiya zetu nyingi hazikufa kwa kukosa mfadhili. Zilikufa kwa sababu wanachama hawakupewa kazi ya kufanya, na mtu asiye na kazi katika jumuiya huiona ni ya wengine. Wazazi wakae na watoto wao wiki hii, waulizane: katika nyumba yetu nani anajua nini, na jumuiya yetu inaweza kukitumia wapi? Kisha waende kwa katibu wamwambie kabla hajawauliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosaidiana katika wema na uchamungu. Amin.

Wabillahi tawfiq.