Boti iliyopita Kasongo juu ya mabega ya watu



Mwezi uliopita mdogo wangu alinionyesha video kwenye simu: mzungu mmoja anatengeneza boti ndani ya gereji ya nyumba yake. Anakata tripleksi, anashona vipande kwa waya wa shaba kama fundi cherehani, halafu anabandika kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya mishono na kukilowesha epoksi mpaka kinageuka kama kioo. "Yaya, sisi hapa Kasongo tunashindwa nini?"

Nilicheka, kisha nikaacha. Mimi ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni mpunga na karanga. Lakini mara ngapi nimekaa kando ya Luama, upande wa Kabambare, na magunia ya wakulima, tukimngoja mwenye mtumbwi? Yeye njo anapanga bei. Ukikataa, magunia yanalala kwenye unyevu, na karanga ikishika ukungu hakuna wa kuinunua. Basi nikamwambia mdogo wangu: boti ya kutengenezwa kwa fundi mbali huko na kuletwa huku vipande vipande, babu zetu waliiona mwaka 1876.

Turudi nyuma kidogo. Livingstone alifika Kabambare (yeye aliandika Bambarre) mwaka 1869, na 1870 vidonda vya miguu vikamlaza pale miezi mingi. Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe. Lualaba ilikuwa mbele ya macho yake na alitaka kitu kimoja tu: mitumbwi. Aliahidiwa, akacheleweshwa, hakupewa. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani wakafyatua bunduki katika soko la Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, kwa risasi ama kwa kuzama. Livingstone akarudi Ujiji. Agosti 1874 akaja Cameron, akaomba mitumbwi, akakosa vilevile, akashika njia ya kusini.

Shuleni tulifundishwa haya kama habari za wazungu wenye bahati mbaya. Mimi nayasoma tofauti. Mto ulikuwa ukuta, na Wagenya njo walikuwa na ufunguo. Waliona kinachotokea kila mahali bunduki zinapovuka. Ukimpa mtu wa bunduki mtumbwi, umempa na kijiji cha ng'ambo. Kwa hiyo kumnyima haikuwa ujinga, ilikuwa siasa, na ilifanya kazi miaka mitatu na zaidi bila ngome wala jeshi.

Halafu akaja Stanley. Huyu hakuja kuomba. Boti yake, Lady Alice, aliitengeneza fundi James Messenger pale Teddington, karibu na London: mbao nyembamba za mwerezi, urefu kama mita 12, vipande vitano vya kufungwa na kufunguliwa. Unguja vikaonekana vizito mno kwa wapagazi, ikabidi fundi avipunguze. Kutoka Bagamoyo, Novemba 1874, boti ilipanda juu ya mabega ya watu. Ikazunguka Ziwa Victoria, ikazunguka Tanganyika, na Oktoba 1876 ikapita kwetu: Kabambare, bonde la Luama, mpaka jirani ya Kasongo, Stanley alipokutana na Tippu Tip. Wakapatana dola 5,000 kwa kusindikizwa safari sitini. Tarehe 5 Novemba wakaacha Nyangwe na kuingia msituni. Waliobeba boti njo waliteseka kuliko wote, maana miti haikuwapa nafasi ya kupita. Majina yao hatukuyasoma shuleni. Tarehe 19 Novemba wakatokea tena mtoni. Vipande vikafungwa, boti ikateremka majini.

Siku hiyo ukuta ulitoboka. Najua, mtaniambia bunduki za Tippu Tip nazo zilikuwepo. Ni kweli. Lakini Livingstone pale Nyangwe alizungukwa na bunduki za wafanyabiashara vilevile, na hakuvuka. Boti yenyewe iliachwa ukingoni tarehe 31 Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, kama ndoo iliyotoboka. Mlango haukufungwa tena. Machi 1893, Dhanis na askari wa Leopold walipokuwa ng'ambo ya Nyangwe, Wagenya wenyewe walileta mitumbwi ya kuwavusha. Tarehe 4 Nyangwe ikaanguka, na Kasongo ikafuata Aprili. Hesabu ya zamani waliikumbuka vizuri: safari hii walichagua nani avuke.

Sasa hiyo fiba. Kushona boti siyo kitu kigeni kwa Waswahili. Mtepe wa pwani ulishonwa kwa kamba za nazi. Uingereza mwaka 1963 walitoa boti ndogo inayoitwa Mirror, ya kujitengenezea nyumbani kwa tripleksi, waya wa shaba na utepe wa nyuzi za kioo. Ubao unatoa umbo, kitambaa na rezini vinatoa nguvu, na fundi hahitaji gogo kubwa. Hilo ni jambo zito kwetu, maana miti ya mtumbwi sasa inatafutwa mbali. Ugumu uko kwenye epoksi: sehemu mbili zinapimwa kwa uwiano kamili, la sivyo haikauki, na kwa joto letu inaweza kugandia ndani ya kopo kabla hujaipaka. Tena usiiguse kwa mikono mitupu.

Mdogo wangu ameanza na mfano wa katoni, urefu wa mkono mmoja, ameushona kwa waya na kuupaka gundi ya mbao. Ulielea kwenye beseni mpaka gundi ikalainika. Sasa anaulizia bei ya epoksi Bukavu. Mimi wiki iliyopita, pale Luama, nilimsimulia mwenye mtumbwi mpango wetu. Nilidhani atauliza itabeba magunia mangapi. Aliendelea kukumba maji kwa kopo lake, kisha akauliza: "Itakuwa ya nani?"