Nasaba ya Zoezi: Maswali Mawili ya Hisabati na Mabishano Yaliyoyazaa

Mwanafunzi wa hisabati wa chuo kikuu, awe Lubumbashi, Dar es Salaam au Paris, hukutana mapema na maswali mawili yanayomfadhaisha. La kwanza lamtaka atoe mfano wa mfululizo wa funksheni ambazo kila moja haikatiki popote, lakini jumla yake imekatika. La pili lamtaka aonyeshe kwamba mlinganyo y′ = 3y^(2/3), ukianzia kwenye sifuri, una majibu zaidi ya moja. Mwanafunzi huyatafuta majibu, huyanakili, hufaulu mtihani, kisha huyasahau. Hudhani kwamba mwalimu aliyatunga ili kumtega. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo yana nasaba, na kwamba la kwanza lina kiini cha lugha. Ndiyo sababu twathubutu kuliweka mbele ya wasomaji wa Kiswahili.

Yote mawili yaturudisha Paris, kwenye École Polytechnique, shule iliyowaandaa wahandisi na maofisa wa mizinga wa Ufaransa. Augustin-Louis Cauchy alipewa uprofesa hapo mwaka 1816, na mwaka 1821 akachapisha kitabu chake, Cours d'analyse, kwa ajili ya wanafunzi wake. Nia yake ilikuwa kuijenga elimu ya uchanganuzi juu ya uthibitisho thabiti kama ule wa jiometria ya Wagiriki, bila kuegemea michoro wala mazoea. Katika kitabu hicho alidai kwamba jumla ya mfululizo wa funksheni zisizokatika, maadamu mfululizo huo wafikia kikomo, nayo haikatiki. Alitoa uthibitisho. Uthibitisho ulisomeka vizuri, na madai hayakuwa kweli.

Aliyeligundua hilo hadharani ni Niels Henrik Abel, kijana wa Norway ambaye alikuwa hata hajatimiza miaka 25. Katika makala yake ya mwaka 1826, tena katika tanbihi tu, na kwa adabu kubwa, alisema kwamba aonavyo yeye kanuni hiyo haikosi vighairi. Akautaja mfululizo huu:

sin x − (sin 2x)/2 + (sin 3x)/3 − …

Kila kipande chake ni wimbi laini. Kati ya −π na π jumla yake ni nusu ya x, yaani mstari ulionyooka. Lakini x ikiwa π kamili, kila kipande ni sifuri, hivyo jumla nayo ni sifuri. Mstari uliokuwa ukipanda kuelekea π/2 waanguka ghafla. Hili ndilo zoezi letu la kwanza, na Abel ndiye aliyelijibu kabla halijawa zoezi.

Kosa lilikuwa wapi? Iliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 20 kulitamka. Seidel kule München na Stokes kule Cambridge walilikaribia mwaka 1847, kila mmoja kwa njia yake. Cauchy mwenyewe aliirekebisha kanuni yake mwaka 1853. Na Weierstrass, katika mihadhara yake ya Berlin, ndiye aliyeifanya tofauti hiyo kuwa chombo cha kila siku. Tofauti yenyewe ni hii. Tukitaka jumla ya vipande vya kwanza ikaribie kikomo kwa kiasi tulichokichagua, twahitaji kujumlisha vipande kadhaa. Je, idadi hiyo ni moja kwa nukta zote, au kila nukta yadai idadi yake? Katika mfano wa Abel, kadiri tunavyoikaribia π ndivyo idadi inavyozidi kuongezeka bila mpaka. Kila nukta ina idadi yake. Idadi ya wote haipo.

Hapa mwanaisimu ataitambua hali anayoifahamu. Sentensi «kila mwanafunzi alisoma kitabu kimoja» ina maana mbili: huenda walisoma kitabu kilekile, huenda kila mmoja alisoma chake. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuziachanisha: «kila mwanafunzi alisoma kitabu chake», «wanafunzi wote walisoma kitabu kilekile kimoja». Vivyo hivyo twaweza kusema: «kwa kila nukta ipo idadi yake», na kinyume chake, «ipo idadi ileile moja kwa nukta zote». Hakuna asiyejua kwamba kila mtoto ana mama. Hakuna anayehitimisha kutoka hapo kwamba yuko mama mmoja aliyewazaa watoto wote. Ninaamini kwamba kiambishi cha kumiliki na urudufishaji wa «ileile» vyamfikisha mwanafunzi kwenye fikra ya Weierstrass mapema kuliko alama tupu ubaoni. Wanaosema kwamba lugha zetu hazina uwezo wa kubeba hisabati wangepaswa kwanza kuijaribu sentensi hii.

Stokes huyo ana sifa nyingine ambayo wapenda mitihani hawawezi kuiacha. Mwezi Februari 1854 alitunga maswali ya Tuzo ya Smith kule Cambridge, na miongoni mwake akaweka uthibitisho wa kanuni ambayo William Thomson alikuwa amempelekea kwa barua mwaka 1850. Kanuni hiyo, inayofungamanisha uso na ukingo wake, leo huitwa kwa jina la Stokes, na mara ya kwanza ilionekana katika maandishi ya chapa kama swali la mtihani. Kati ya watahiniwa alikuwamo James Clerk Maxwell, ambaye baadaye aliitumia katika elimu ya umeme na sumaku.

Tuje kwenye swali la pili. Mlinganyo wa kidiferensiali hausemi kitu ni kiasi gani. Wasema tu kinabadilika kwa kasi gani. Kabla ya Cauchy wengi walitafuta majibu kwa werevu wa mahesabu, na jibu lilipokosekana walilitafuta zaidi. Cauchy aliuliza jambo lililotangulia: je, jibu lipo, na ni moja? Chukua ndoo iliyotoboka chini. Maji yakiwamo, twaweza kukadiria yatakwisha lini. Ukiikuta tupu, huwezi kujua iliishiwa maji saa ngapi. Historia nyingi zaishia kwenye utupu uleule. Mlinganyo wetu una tabia hiyo: y = 0 ni jibu, y = x³ nalo ni jibu, na yote mawili yaanzia sifuri. Sharti alilolitumia Cauchy lavunjika hapo hasa kwenye sifuri. Lipschitz alililegeza sharti hilo baadaye, na Peano akaonyesha mwaka 1890 kwamba kutokatika peke yake kwatosha kuhakikisha kuwapo kwa jibu, bali si upekee wake.

Masomo hayo hayakupendwa shuleni. Baraza la École Polytechnique lililalamika kwamba profesa apoteza muda wa wahandisi kwa uthibitisho usiowafaa kazini, na mwaka 1825 Cauchy alitangaza kwamba, kwa kulitii baraza, hatashikilia tena uthibitisho kamilifu katika kila jambo. Binafsi naona baraza lilikuwa na hoja, kwani daraja halingoji Lipschitz azaliwe. Lakini mhandisi asiyejua kwamba mlinganyo waweza kuwa na majibu mawili atalichukua lile la kwanza analolipata. Mbinu ya Cauchy ilipona kwa njia ya pembeni: Moigno aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1844. Kurasa zenyewe za mihadhara, zilizopigwa chapa kwa wanafunzi wake katika miaka hiyo ya 1820, zilibaki zimesahauliwa hadi Christian Gilain alipozitoa kuwa kitabu mwaka 1981.