Farasi wa kwanza wa mtoto, na mbung'o wa Nachingwea



Siku hizi Dar na Arusha wapo wazazi, tena Waswahili wenzetu, wanaowapeleka watoto kupanda farasi mwisho wa wiki. Mtoto akishanogewa, swali linafuata: nimnunulie farasi gani wa kwanza? Nimelichukua swali hilo na kulipeleka mahali ambapo pengine hamkutegemea, kusini kabisa, Nachingwea na Ruangwa. Unaweza kuzunguka wilaya hizo mbili kutoka Kilimarondo hadi Mbekenyera, ukaona korosho, ufuta, mbaazi na pikipiki za kila rangi, usikutane na farasi hata mmoja. Lakini historia ya huko inalijibu swali hili vizuri kuliko mahali pengi penye farasi wa kumwaga.

Tuanze na jibu la kawaida. Wajuzi wa farasi wanasema mtoto anayeanza asipewe farasi mchanga. Farasi anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo mwenye miaka 10 au 15 bado ana nguvu, na ameshaona mengi: magari, mbwa, mwavuli unaofunguka ghafla. Mfunzwaji hapaswi kufundishwa na mfunzwaji mwenzake. Awe wa kimo kinachomfaa mtoto. Farasi wadogo, wale ambao Wazungu huwaita poni, hawazidi sentimita 148 kwenye mabega. Mzigo wote, mpandaji pamoja na tandiko, usizidi sana sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Mganga wa mifugo amkague kabla hujatoa hela. Mtoto ampande siku kadhaa tofauti, si mara moja tu akiwa ametulizwa. Na cha mwisho, rangi na sura visikudanganye.

Ushauri mzuri. Ila una pengo moja kubwa. Umeandikwa na watu ambao nchi zao hazina mbung'o.

Mbung'o, wengine wanamwita ndorobo, ni nzi anayenyonya damu. Akishamuuma mnyama mgonjwa au wa porini mwenye vijidudu, akaja kumuuma farasi wako, anamwachia ugonjwa wa nagana. Farasi anapata homa, damu inapungua, miguu na tumbo vinavimba, anakonda huku anakula, kisha anakufa. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, ndiye aliyegundua vijidudu hivyo katikati ya miaka ya 1890 huko Uzulu. Mpaka leo nagana haina chanjo, kwa sababu vijidudu vyake hubadilisha vazi lao kila mwili unapowatambua. Na porini kwetu farasi ana adui wa pili, tauni ya farasi, inayoletwa na visubi. Hiyo angalau ina chanjo, inatengenezwa Afrika Kusini.

Sasa angalieni ramani. Nachingwea na Ruangwa ziko ndani ya misitu ya miombo, na kaskazini yake kuna pori kubwa lililoitwa Selous, ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Miombo na wanyamapori ndiyo nyumba na chakula cha mbung'o. Kwa hiyo huko jibu la swali "farasi gani?" kwa karne nyingi limekuwa fupi: hakuna.

Watu wa pwani walimjua farasi. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na masultani wa Zanzibar walikuwa na farasi wao. Lakini aliishia pwani na visiwani. Bara mizigo ilikwenda kwa kichwa na bega la mtu.

Wageni hawakuamini, wakaja kujaribu. Wa kwanza wa kutajwa ni David Livingstone. Machi 1866 alishuka Mikindani na kundi la wanyama kutoka India: ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama, baghala 2 na punda 4. Alikuwa na hesabu yake. Nyati wa Afrika anaumwa na mbung'o kila siku na hafi, basi huenda nyati wa India naye atavumilia, na ngamia pia. Kama ni hivyo, bara litafunguka bila kutegemea wapagazi. Akapanda nao kando ya Ruvuma, kusini ya Nachingwea ya leo.

Mbung'o wakawala. Juu ya hapo, askari wa Kihindi waliopewa kazi ya kuwatunza waliwapakia kupita kiasi na kuwapiga, mpaka Livingstone mwenyewe akashindwa kutenganisha vidonda vya fimbo na ugonjwa wa nzi. Wengi walikufa kabla hajafika Ziwa Nyasa. Kosa la hesabu yake ni lile lile la mzazi anayenunua farasi kwa kumwangalia. Nyati wa India anafanana na wa kwetu kwa pembe tu. Wa kwetu mababu zake wameishi na mbung'o maelfu ya miaka. Kufanana si undugu, wadau. Na mtunzaji mbaya anaweza kuua hata mnyama aliyechaguliwa vizuri.

Livingstone alikufa 1873, na mwili wake ukabebwa hadi Bagamoyo na Chuma, Susi na wenzao, kwa mabega. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi hadi Masasi. Walikwenda kwa miguu.

Mtu atasema, basi si wangempanda pundamilia? Anaishi na mbung'o na hadhuriki sana. Wajerumani walilifikiria hilo, wakajaribu kumfuga kule upande wa Kilimanjaro. Hata London tajiri Walter Rothschild alifunga pundamilia kwenye gari lake. Lakini pundamilia ni mkali, anang'ata na haachii, na mgongo wake haukuumbwa kubeba mtu kutwa nzima. Ardhi ilimkubali, mpandaji akamshindwa. Farasi ni kinyume chake.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na vita. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na wapanda farasi wa Afrika Kusini. Walikuwa watu waliozaliwa juu ya tandiko, na farasi wao walikuwa wazuri. Katika miezi michache farasi na baghala walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengine waliletwa, nao wakafa. Wakubwa wa jeshi walijua ramani za mbung'o, ila waliona kuleta farasi wapya ni rahisi kuliko kubadili mpango.

Farasi akifa, mzigo wake haufi. Nani akaubeba? Oktoba 1917 vita ilipofika kwetu kusini, Mahiwa, Lukuledi, Ndanda, risasi na chakula vilifika mstari wa mbele hasa kwa vichwa vya wapagazi. Hesabu yake inatisha. Mpagazi anabeba kama kilo 25, na anakula karibu kilo moja kwa siku. Kama amebeba unga, akienda siku 12 na kurudi siku 12, ameumaliza karibu mzigo wote yeye mwenyewe. Kwa hiyo unahitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Ndiyo maana waliochukuliwa na pande zote, wengi kwa nguvu, wanakadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Tamka haraka haraka. Ndiyo, Kariakoo. Soko tunalokwenda kununua viatu limebeba jina la watu waliofanywa farasi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wengi tumekua tukisikia kwamba watu wa kusini wako "nyuma", kwamba hawakuwa hata na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Utani wa namna hiyo bado upo vijiweni na maofisini. Sasa jiulize: ng'ombe gani, katika msitu wa mbung'o? Mmwera wa Ruangwa aliyelima kwa jembe la mkono na kubeba kwa kichwa alikuwa ameshalijibu swali ambalo Livingstone na Smuts walilifeli. Mjinga ni nani hapo?

Mafunzo hayakuwaingia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ikaja na farasi wa chuma. Mpango wa Karanga ulianza 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Trekta zilikuwa mitumba ya jeshi, nyingine kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa trekta za kung'olea visiki. Trekta hazifi kwa nagana, ni kweli. Lakini mizizi ya miti iliwashinda, kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, na mafundi na vipuri havikutosha. Mnyama mwenye nguvu, mpandaji asiyemjua, ardhi ambayo hakuna aliyeiuliza. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, hasara karibu pauni milioni 36.

Kusini ilibakiwa na bandari ya Mtwara na reli kutoka huko hadi Nachingwea. Karanga za kujaza mabehewa hazikuwepo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni. Treni haipo.

Kwenye mashamba hayo hayo wapiganaji wa FRELIMO walipata kambi yao ya mafunzo katika miaka ya 1960, chini ya Samora Machel. Kutoka hapo, vijana wa kiume na wa kike walivuka Ruvuma kwa miguu, silaha na dawa vichwani. Msumbiji ikapata uhuru 1975. Hata ukombozi kusini ulikwenda bila farasi.

Basi mtoto wa Nachingwea alipanda nini cha kwanza? Baiskeli ya baba, ile nyeusi ndefu, Phoenix ya Kichina au yoyote iliyofanana nayo. Ilikuwa kubwa kwake, kwa hiyo alipitisha mguu chini ya chuma cha katikati, akapedali amejikunja upande kama kaa. Keria ikabeba korosho, maji, mgonjwa, bibi harusi. Haili majani, haiumwi na mbung'o, na fundi yupo chini ya mwembe. Ukiipima kwa ule ushauri wa wajuzi, imefeli kipimo kimoja tu, kimo. Vingine vyote imepita.

Mambo yanabadilika pia. Unguja mbung'o wametokomezwa, ikatangazwa 1997, baada ya kuachiwa madume waliohasiwa kwa mionzi. Lakini kile ni kisiwa, hakuna wa kuingia tena. Kusini misitu imekatwa sana, na tangu 2006 na 2007 wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu wamefika mkoa wa Lindi na ng'ombe wao, dawa mkononi. Wamekuja na kitoweo na maziwa, na wamekuja na ugomvi wa mashamba. Wanyama waliokuwa hawawezekani sasa wanawezekana, kwa gharama ya msitu na ya sindano za kila mara.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu wa Dar, kabla hujauliza rangi na bei, uliza mambo matatu. Je, ardhi hii itamkubali mnyama huyu? Je, mtoto atamweza? Je, nani atamtunza kila siku, na anajua kazi hiyo? La tatu ndilo tunalolisahau zaidi. Hapa kwetu huyo wa kila siku ni kijana wa banda anayelipwa kidogo, anayelala karibu na farasi, anayejua kabla ya daktari kwamba leo hakula vizuri. Mtoto atajifunza mengi kwa huyo kijana, kama utamfundisha kumsalimia kwanza.

Kwa sababu historia ya Nachingwea inasema hivi: ukimchagua mnyama vibaya, hutaumia wewe. Atafutwa mtu wa kubeba.

Nawasilisha. Wenye babu waliobeba Lukuledi au waliofanya kazi kwenye karanga, leteni simulizi zao kabla hazijapotea.