Je, sheria ya udongo ilikufa pamoja na Mobutu?

 Wewe utakayepata maneno haya katika karatasi, wasomee na jirani.

Kuna neno linalozunguka kambini na barazani kwa wazee. Wanasema: "Sheria ya udongo ilikuwa ya Mobutu. Mobutu alikufa 1997, nayo ikafa." Wengine husema: "Sisi tulikuwa hapa mbele ya Leta, sheria yake haitugusi." Ni neno tamu kwa mtu aliyepoteza shamba. Lakini mpendwa, uliza limemsaidia nani.

Simcheki anayelisema. Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya mfalme Leopold iliamuru kwamba udongo usio na mwenyewe ni wake. Na nani aliamua kama pori la kuwindia, au shamba lililopumzishwa, lina mwenyewe? Si babu zetu. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria nambari 73-021: udongo wote ni mali ya Leta. Juu ya udongo wa desturi, sheria hiyo ilisema haki za wenyeji zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo ilingojewa miongo na miongo. Watu wakaona sheria imenyamaza, wakadhani imewaachilia.

Wengine waliisoma vizuri zaidi. Mtu mwenye pesa aliweza kwenda kwa konservateri na kuandikiwa cheti cha udongo ambao tayari una watu, nao wasijue. Miaka 2 ikipita bila mashtaka, cheti hicho hakivunjwi tena. Aliyenyang'anywa hubaki kudai malipo tu. Fikiri basi: yule aliyesema sheria haimhusu alikuwa analima na kuvuna huku siku zake zinahesabiwa ofisini.

Katika Walendu Pitsi, mwaka 1999, ugomvi wa mipaka ya konsesyo ndio uliowasha moto. Baadhi ya wenye konsesyo walilaumiwa kwamba walizipanua kwa karatasi. Sisemi kabila fulani ndilo lenye kosa, maiti hazikuchagua. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 50,000 walikufa kati ya 1999 na 2003.

Mwaka uleule, mwezi wa Juni, Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda aliunda jimbo la "Kibali-Ituri" na kuliwekea gavana. Sheria gani ya Kongo ilimpa uwezo huo? Hakuna. Yeye naye alitenda kama mtu anayeona kwamba hapa hakuna sheria. Lakini tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilisema Uganda ilikuwa imeikalia Ituri, na mwenye kukalia nchi ya wengine anapaswa kuheshimu sheria zake. Tarehe 9 Februari 2022 ikaagiza Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Kama sheria zetu zingekuwa zimekufa, tungemshitaki kwa lipi?

Katiba ya 2006 imesema wazi katika kifungu cha 221: sheria za zamani zisizopingana nayo zinabaki mpaka zifutwe au zibadilishwe. Kifungu cha 62 kinamtaka kila mtu azifuate. Lakini soma pia kifungu cha 34, nakuomba: kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, ya mtu mmoja au ya watu wengi pamoja. Maana yake, haki ya babu yako ina kiti ndani ya nyumba ya sheria. Anayekuambia uikatae nyumba yote anakutoa kwenye kiti hicho.

Na ninyi masefu, mkisikia shamba la mtu aliyekimbia limeandikwa kwa jina la mwingine, msianze na ukoo wa huyo mwingine. Ulizeni kwanza tarehe ya cheti.