Walioitwa Waje Kuona



Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Julai 1993, asubuhi, helikopta za Kimarekani zilizotumwa kwa jina la Umoja wa Mataifa ziliishambulia nyumba ya Abdi Hassan Awale, aitwaye Qeybdiid, katika jiji la Mogadishu. Ndani yake walikuwa wamekutana wazee na watu wenye heshima wa ukoo wa Habar Gidir. Makombora 16 yalirushwa. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba nyumba ile ilikuwa kituo cha kupangia vita, na kwamba waliokufa walikuwa 20 hivi; Msalaba Mwekundu ukahesabu wafu 54. Wasomali wengi hushikilia hadi leo kwamba wazee wale walikuwa wakitafuta njia ya mapatano.

Muda mfupi baadaye, watu wa upande ulioshambuliwa walikwenda katika hoteli ya Sahafi, walikokaa waandishi wa habari wa kigeni. Hawakuja kwa ubaya. Waliomba waandishi waje na kamera zao, waone yaliyotendeka, ili dunia ijue. Wakaahidi kuwalinda njiani. Waandishi wakaenda. Lakini pale penye vifusi, ambapo watu walikuwa bado wanatoa miili ya jamaa zao, umati ulipowaona wageni hawa uliwageukia kwa mawe na vipigo. Walikufa wanne: Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa shirika la habari la Reuters, pamoja na Hansi Krauss, Mjerumani, wa shirika la Associated Press. Mohamed Shaffi, Mkenya, mpiga picha za televisheni wa Reuters, alipigwa risasi lakini aliokoka.

Ili tuelewe hasira ile, yafaa turudi nyuma kidogo. Serikali ya Siad Barre ilianguka mwezi wa Januari 1991, na makundi yakaanza kupigania Mogadishu mtaa kwa mtaa. Njaa ikafuata. (Kanisa lilikuwa limekwisha kuonja damu katika mji huo: Askofu Salvatore Colombo, Mfransisko, aliuawa ndani ya kanisa kuu lake tarehe 9 Julai 1989.) Desemba 1992 askari wa Marekani walishuka pwani kulinda misafara ya chakula, na watu wengi waliwapokea kwa furaha. Mambo yaligeuka tarehe 5 Juni 1993, askari 24 wa Pakistani waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walipouawa. Tangu hapo waliokuja kugawa chakula walianza kumwinda mtu mmoja, Jenerali Mohamed Farah Aidid, na dola 25,000 ziliahidiwa kwa atakayesaidia kumkamata. Mlinzi wa amani akishakuwa upande mmojawapo wa vita, mwenyeji hawezi tena kutofautisha mgeni na mgeni. Sisi Wakongomani, tuliowaona askari wa kofia za buluu kwa miaka mingi, hatuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Dan Eldon alikuwa na umri wa miaka 22. Alizaliwa London tarehe 18 Septemba 1970, mama yake Mmarekani na baba yake Mwingereza, akahamia Nairobi pamoja nao angali mtoto wa miaka 7. Tangu ujana wake alijaza madaftari kwa picha alizopiga, michoro, vipande vya magazeti na karatasi za kila namna alizobandika kwa gundi. Mwaka 1990, yeye na vijana wenzake walikusanya fedha, wakafunga safari kwa magari kutoka Nairobi hadi Malawi, wakapeleka msaada kwa wakimbizi wa Msumbiji. Hawakuwa na shirika kubwa nyuma yao. Mwaka 1992 alikwenda Somalia kutazama njaa kwa macho yake, na picha zake zikamfungulia mlango wa Reuters. Huko Mogadishu alijulikana na wengi; aliuza hata fulana na postikadi alizozitengeneza mwenyewe, mzaha wa kijana katikati ya maangamizi. Sidhani kwamba mzaha huo ulikuwa dharau. Mtu anayepiga picha za watoto wanaokufa kila siku hutafuta mahali pa kupumulia.

Juu ya Dan kuna vitabu na filamu: kurasa za madaftari yake zilichapishwa mwaka 1997. Mama yake na dada yake wamefanya kazi kubwa ya kuhifadhi kumbukumbu yake, nao wamefanya vema. Hata hivyo, Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wawili waliokufa mchana ule ule kwa mawe yale yale, hutajwa mara nyingi katika mstari mmoja, nyuma ya jina lake. Na wale waliokufa ndani ya nyumba ya Qeybdiid, kwa sehemu kubwa, magazeti ya dunia yaliwahesabu bila kuwataja. Anayeandika historia kwa moyo wa Kikristu hana budi kusimama mbele ya ngazi hiyo ya majina na kuuliza ni nani aliyeijenga.

Katika Injili ya Yohane, Nathanaeli alipoidharau Nazareti, Filipo hakubishana naye; alimwalika aende akajionee. Papa Fransisko alilifanya jambo hilo kuwa kiini cha ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2021, akawashukuru humo waandishi na wapiga picha wanaohatarisha maisha yao. Nchini mwetu tunawajua watu wa kazi hiyo: Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu mwezi wa Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo akauawa katika mji huo huo Novemba 2008.

Hapa Kasumbalesa, penye foleni za malori ya shaba na msongamano wa mpakani, kila kijana ana kamera mfukoni. Lori likipinduka, au mtu akipigiwa kelele za mwizi, simu huinuliwa kabla ya mkono wa kusaidia. Dan na wenzake waliitwa na wenye msiba; sisi mara nyingi hatukuitwa na mtu. Na katika umati unaookota mawe, tuwe wakweli, hatusimami daima upande wa anayepigwa. Watu wa Mogadishu walikuwa wamefiwa na wazee wao saa ile ile. Sisi huokota jiwe kwa ajili ya simu iliyoibiwa.

Baada ya vifo vile, mashirika mengi ya habari yaliwaondoa watu wao Mogadishu. Mwezi wa Oktoba, Wamarekani 18 walipouawa katika mapigano ya mjini, Paul Watson, Mkanada, alikuwa miongoni mwa waandishi wachache wa kigeni waliobaki. Picha yake ya mwili wa askari ukiburutwa barabarani ilitikisa Marekani, na kufikia mwisho wa Machi 1994 majeshi yake yalikuwa yameondoka Somalia. Wiki moja baadaye mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Serikali kubwa, zikiikumbuka Mogadishu, zilikataa kujiingiza, na picha za mauaji yenyewe yakitendeka ni chache mno. Julai 1994, mwaka mmoja baada ya mawe yale, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka wakaingia Goma kwa muda wa siku chache. Kipindupindu kilipoanza kuwaua, wapiga picha walikuwa wamekwisha kufika.