Keith David: mzee wa sauti nzito nyuma ya Goliath, Spawn na Arbiter

Wadau, kama umewahi kucheza Call of Duty: Modern Warfare 2, ile ya 2009, basi huyu mzee ameshakupa amri na ukazitii. Yule Sajenti Foley ni yeye. Arbiter wa Halo ni yeye. Anderson wa Mass Effect, yeye tena. Sauti tunaijua wengi, sura hatuijui. Kwa hiyo nimeona nimwandike hapa kwa mpangilio, mtu akitafuta habari zake kwa Kiswahili asitoke mikono mitupu.

Mkiwa mnasoma, angalieni jambo moja. Kwenye muvi huyu mzee kwa miaka mingi alikuwa anasimama pembeni ya staa. Kwenye katuni na gemu, staa ni yeye mwenyewe.

ALIKOTOKEA

Jina lake kamili ni Keith David Williams. Alizaliwa tarehe 4 Juni 1956 Harlem, New York, akakulia upande wa Queens. Utotoni aliigiza yule simba mwoga kwenye mchezo wa shule wa The Wizard of Oz, na uigizaji ukamkaa moyoni. Akasoma sekondari ya sanaa za maonyesho hapo hapo New York, halafu akaenda chuo cha Juilliard na kumaliza 1979.

Hapo kwenye Juilliard msipite haraka. Watu wanadhani sauti nzito ukizaliwa nayo basi kazi imeisha. Hapana. Jamaa alifundishwa jukwaa: kupumua, kutamka neno likafika kiti cha mwisho, kubeba sentensi ndefu bila kuchoka. Na kuimba anaimba kweli. Mwaka 1992 aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa mchezo wa muziki wa Jelly's Last Jam pale Broadway.

KWENYE MUVI

The Thing (1982), staa ni Kurt Russell. Platoon (1986), yeye ni askari King, staa ni Charlie Sheen. They Live (1988), staa ni Roddy Piper, yule mwanamieleka, na wawili hao wanatwangana ngumi uchochoroni zaidi ya dakika tano kisa miwani tu! Ni muvi nzuri zote na kazi yake humo safi, ila jina kubwa kwenye bango ni la mtu mwingine. Mimi naona Hollywood ya miaka ile, ikikutana na mtu mweusi mwenye mwili na sauti kama hiyo, ilikuwa na kazi zake za kumpa: askari, polisi, mlinzi, muuza unga.

KATUNI

Mambo yakabadilika 1994. Disney wakatoa Gargoyles, katuni ya viumbe wenye mabawa ambao mchana ni mawe na usiku wanaamka. Walilogwa Uskoti, wakalala miaka elfu moja, wakaja kuamkia New York. Kiongozi wao Goliath ni Keith David. Katuni ilikwenda mpaka 1997, sehemu 78. Humo ndani kuna pia Thailog, nakala ya Goliath iliyotengenezwa maabara, na huyo naye ni sauti yake. Sikilizeni tofauti: Goliath anaongea taratibu kama mfalme aliyefiwa, Thailog anaongea kama tapeli anayejua utasaini tu.

Mwaka 1997 mpaka 1999 akawa Spawn kwenye katuni ya HBO, hii ya wakubwa, siyo ya watoto. Askari mweusi aliyeuawa akarudi kutoka kuzimu. Hapo hakuna ufalme, ni maumivu matupu. Mwaka 2020, zaidi ya miaka ishirini baadaye, Mortal Kombat 11 ilipomuongeza Spawn wakamrudia mzee yule yule.

Mwaka 2009 ndio ulikuwa balaa. Ndani ya mwaka mmoja akawa paka wa Coraline, Sajenti Foley, na Dk. Facilier, yule mganga mwovu wa The Princess and the Frog. Na ule wimbo wa mganga kaimba mwenyewe.

GEMU

Halo 2 ilitoka Novemba 2004. Arbiter ni kamanda wa upande wa maadui aliyeshindwa vita, akaadhibiwa, halafu akapewa nafasi ya kujisafisha. Gemu inakulazimisha uwe yeye kwa sehemu kubwa ya hadithi, yaani unaishi ndani ya adui. Bila sauti yenye heshima, nani angemhurumia? Alirudi Halo 3 (2007) na Halo 5 (2015). Mass Effect akacheza zote tatu: 2007, 2010 na 2012. Saints Row ya 2006 alikuwa Julius, na Saints Row IV (2013) wakamweka kama Keith David mwenyewe, makamu wa rais wa Marekani!

USIMULIZI

Huku ndiko alikopatia Emmy zake tatu, kwa dokumentari za Ken Burns: ya bondia Jack Johnson (2005), The War (2008) na Jackie Robinson (2016). Ile ya Muhammad Ali ya 2021 pia kasimulia yeye.

TUONGEE MASLAHI

Siku ya kwanza tu Halo 2 iliuza dola milioni 125 Marekani na Kanada. Sasa mjue, waigizaji wa sauti za gemu kule kwa kawaida hulipwa kwa kikao cha kurekodi, hawapati asilimia ya mauzo. Ndiyo maana chama chao, SAG-AFTRA, kiligoma Oktoba 2016 mpaka Septemba 2017. Walichopata ni nyongeza ya kila kikao, kuanzia dola 75 mpaka jumla ya 2,100 kwa vikao kumi. Wakagoma tena Julai 2024 mpaka Juni 2025, safari hii kwa sababu ya akili bandia, mashine inayoweza kuiga sauti ya mtu. Fikiria sauti iliyonolewa miaka arobaini inakopiwa kama wimbo kwenye flashi, mwenyewe hana habari.

Kamera nayo ilikuja kumkumbuka. Mwaka 2016, akiwa ametimiza miaka 60, alianza kuwa Askofu Greenleaf kwenye tamthilia ya Greenleaf, mkuu wa familia na wa kanisa, mpaka 2020. Miaka 22 baada ya Goliath.

Haya wadau, kama kuna kazi yake nimeiruka iongezeni hapo chini. Na mnijibu hili: Goliath au Arbiter, yupi mkali?